Msiwakodi, Waajirini

Nasema nanyi mnaoketi kwenye mabaraza ya vyuo vikuu vyetu, Kibabii na Kakamega, Eldoret na Lodwar. Nasema nanyi wakuu wa idara za hisabati, nanyi wakuu wa vitivo, nawe naibu chansela uliyeshika kalamu ya kutia sahihi. Tegeni masikio. Hili si ombi la harambee wala si hotuba ya mahafali. Nimekuja kuwauliza habari za watu mliowaacha sokoni.

Mnakijua kisa cha mwenye shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo, sura ya 20. Alfajiri alitoka mwenyewe kwenda kutafuta vibarua. Hakumtuma karani. Saa tatu akarudi sokoni, adhuhuri akarudi, alasiri akarudi, na ilipobaki saa moja tu jua lizame akarudi tena, na bado akakuta watu wenye afya na mikono yao mizima ambao hakuna aliyewaita. Sisi wahubiri tumezoea kukimbilia mwisho wa kisa, kwenye ile dinari waliyolipwa wote sawasawa, tukagombana kama ilikuwa haki au la. Leo nataka tuitazame miguu ya yule bwana. Alikwenda sokoni mara tano kwa siku moja! Nanyi mnakwenda mara ngapi? Mnaweka tangazo katika gazeti la serikali la MyGov siku ya Jumanne, mnafunga mlango, mnangoja. Akikosekana mtu wa kuwapendeza mnaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba wanahisabati hawapatikani, mnakunywa chai, mnakwenda nyumbani.

Hawapatikani? Pandeni matatu ya asubuhi inayotoka Kitale kwenda Bungoma. Inapita Kiminini, inapita Kamukuywa, inaingia Kimilili, inashuka Chwele. Huyo kijana aliyebanwa dirishani, mwenye bahasha ya khaki mapajani, ni daktari wa hisabati. Si daktari wa sindano. Ni wa milinganyo. Ndani ya bahasha mna karatasi za mtihani alizosahihisha usiku kwa tochi ya simu kwa sababu stima ilipotea. Mfukoni ana kalamu mbili za ubao mweupe alizonunua mwenyewe. Asubuhi atafundisha kalkulasi katika chuo kimoja, alasiri takwimu katika kingine, na Jumamosi atakuwa na watoto wa mtu fulani sebuleni akiwaonyesha sehemu na desimali. Muhula ukiisha atajaza fomu ya madai. Fomu itapita kwa mkuu wa idara, itakwenda kwa mkuu wa kitivo, itateremka ofisi ya fedha, na huko italala. Yesu alisimulia juu ya bwana aliyelipa jioni ile ile. Sheria ya Musa inamkataza tajiri kulala na ujira wa maskini mpaka asubuhi. Na jirani zetu wa msikitini wana usia wa Mtume wao kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijamkauka. Dini zetu zimekubaliana, na bado kuna mtu anayedai malipo ya muhula ambao wanafunzi wake wamekwisha kuhitimu!

Mtu huyo hamkumwajiri. Mmemkodi, kama viti vya arusi. Na viti vya kukodi havitunzwi na yeyote.

Sikilizeni nieleze kwa nini nimelishika jambo la hisabati na si somo jingine, maana najua mwenzangu wa idara ya historia naye analia. Mwezi wa Aprili mwaka 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba hisabati itakuwa lazima kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili katika mtaala mpya, na kundi la kwanza la gredi ya kumi likaingia darasani Januari 2026. Kila mwanafunzi! Atakayeimba, atakayecheza kandanda, atakayefuga ng'ombe, wote. Naliunga mkono tangazo hilo kwa mikono miwili. Ila nauliza: walimu wao watafundishwa na nani? Mwalimu wa shule ya upili ya Kiminini au Sirisia hupitia idara ya hisabati ya chuo kikuu. Akifundishwa huko na mtu anayekimbilia matatu, asiye na ofisi wala saa ya kuulizwa swali, atajifunza kunakili ubaoni. Naye atakwenda kunakili ubaoni mbele ya watoto hamsini. Watoto watanakili daftarini. Hiyo ndiyo hisabati tuliyonayo, na matokeo ya mtihani wa KCSE hutusuta kila mwaka.

Nendeni Kipsongo basi, kabla ya kikao chenu kijacho. Ni hapo tu pembeni mwa mji wa Kitale, walikotua Waturkana waliokimbia ukame na wizi wa mifugo, wakajenga kwa miti, matambara na karatasi za nailoni. Wengi wanaishi kwa kuokota: chupa, plastiki, mabati yaliyooza. Simameni karibu na mizani ya mnunuzi wa skrepu. Mtamwona mtoto ambaye hapaswi kuwa hapo saa nne asubuhi (hilo ni hubiri jingine, nitalihubiri). Gunia lake lina kilo saba na nusu. Mnunuzi anataja bei ya shilingi 30 kwa kilo, anahesabu noti na sarafu, anampa 210. Mtoto hapokei. Anatazama juu kidogo, midomo inacheza, kisha anasema, "Mzee, nusu kilo imeenda wapi? Bado kumi na tano." Hana kalamu. Hana daftari. Amezidisha saba kwa thelathini, akagawa thelathini kwa mbili, akalinganisha na alichowekewa kiganjani, yote kabla mnunuzi hajafunga pochi.

Akili hiyo Mungu ameitoa bure. Je, nani atampa yule mtoto kifaa cha kuandika alichokifanya kwa herufi badala ya namba, ili akifanye kwa bei yoyote na uzito wowote? Mwalimu. Na mwalimu huyo mtamtoa wapi? Kwenye idara yenu. Basi msiniambie Kipsongo iko mbali na chuo kikuu. Mtihani wa chuo kikuu unafanyiwa pale kwenye mizani.

Sasa nije kwenye kisingizio kikubwa, kwamba wenye uzamifu ni wachache. Ni kweli ni wachache. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vilivyotaka mhadhiri awe na shahada ya uzamifu, na yule mwenye uzamili aliyekwisha kusajiliwa kwa uzamifu aingie kwa ngazi ya chini huku akiendelea kusoma. Vigezo vyema. Lakini mlivisoma nusu. Mliona neno "uzamifu" mkalitia kwenye tangazo. Ile ngazi ya chini, ngazi ya kumchukua kijana na kumlea, mkaiacha ikaota kutu. Mnataka mtu aliyekwisha kuiva, aliyeivia kwa mwingine, aje kwenu na machapisho mkononi. Nani alimlisha wakati akiiva? Hamkuuliza.

Kulea kunawezekana, na kumefanyika hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2002 ulianzishwa mpango wa hisabati wa vyuo vikuu vya ukanda wetu uliozikutanisha idara za Nairobi, Makerere na Dar es Salaam, baadaye Rwanda na Zambia, kwa msaada wa Waswidi wa Chuo Kikuu cha Uppsala. Utaratibu wao ni rahisi kuueleza: kijana anabaki mwajiriwa wa chuo chake cha nyumbani, anasimamiwa na mwalimu wa nyumbani na mwalimu wa ng'ambo, anakwenda Ulaya miezi kadhaa, anarudi kufundisha, anakwenda tena, anarudi. Oneni hapo palipo siri: anarudi kwa sababu ana mahali pa kurudi. Kiti chake kipo. Jina lake liko mlangoni. Yule mliyemkodi akipata nafasi ya miezi sita Uppsala au Kigali, atarudi kwa nani? Mkataba wake uliisha Desemba.

Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Bukoba, alizaliwa Verdiana Masanja. Mwaka 1986 alipata uzamifu wake katika Technical University of Berlin, Mtanzania mwanamke wa kwanza kufika hapo katika hisabati. Alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaenda Rwanda akafundisha na kusimamia utafiti huko. Mtu wa namna hiyo haokotwi kwa tangazo moja la Jumanne. Chuo kilimchukua akiwa kijana, kikamvumilia, na matunda yakaliwa hadi ng'ambo ya mpaka. Nanyi mnao mabinti wenu leo hii, wamekaa safu ya mbele katika darasa la aljebra, mnawatazama wakihitimu kwa daraja la kwanza kisha mnawapungia mkono waende kuuza bima. Siidharau bima! Ila nani alimwita binti yule ofisini akamwambia, "Baki. Tuna nafasi yako"?

Ngoja niwaonye na juu ya jinsi mnavyopima. Mnahesabu machapisho kwa pointi, na mwandishi wa kwanza mnamwona ndiye mwenye kazi. Huenda hilo linafaa kwa wenzetu wa maabara. Wanahisabati desturi yao dunia nzima ni kuandika majina kwa mpangilio wa alfabeti. Sasa hebu wazeni, ndugu zangu wa Bungoma: nani kati yetu atawahi kuwa wa kwanza? Wafula? Wanyonyi? Wekesa? Mbukusu akiandika makala na Mkorea aitwaye Ahn, hata kama yeye ndiye aliyeivunja ile nadharia mifupa, jina lake litakaa mkiani mpaka Kiyama. Na ninyi kwenye kamati mnampunguzia pointi kwa sababu babu yake alizaliwa wakati wa mvua akaitwa Wafula! Mnacheka, lakini kuna mtu hajapanda cheo. Isomeni kazi yenyewe. Kama hamuwezi kuisoma, na wengi hamuwezi, mtafuteni anayeweza, wa Maseno au wa Makerere, mlipeni nauli na posho, aisome, aandike ukurasa mmoja muuelewe.

Na zile karatasi! Mwombaji wa kazi ya kufundisha vekta anatakiwa alete cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, karatasi ya kodi kutoka KRA, karatasi ya maadili kutoka EACC, karatasi ya HELB, wakopeshaji wa wanafunzi, kwamba hadaiwi malimbikizo ya mkopo, karatasi ya shirika la mikopo kwamba hadaiwi na benki, na nakala lukuki za vyeti vyote, zimepigwa mhuri na wakili. Sura ya Sita ya Katiba inataka watu waadilifu, nami nataka watu waadilifu. Lakini HELB atailipaje mtu asiye na kazi? Mnamnyima kazi kwa sababu ana deni, na ana deni kwa sababu amenyimwa kazi. Ombeni karatasi hizo kwa yule mmoja mliyekwisha kumchagua. Waacheni wengine wale nauli yao.

Akifika kwenye mahojiano, mnamuuliza nini? Maono ya chuo, dhamira ya chuo, nguzo za mpango mkakati. Ameyakariri kwenye matatu. Mpeni chaki! Mwambieni afundishe nusu saa, mbele ya wanafunzi wa mwaka wa pili walioketi pale na wenye ruhusa ya kuuliza, kwa nini hasi mara hasi ni chanya. Mtajua yote mnayotaka kujua. Mtaona kama anaandika mpaka ubao umejaa akiwa amewapa mgongo, au kama anageuka. Mtaona anamfanya nini msichana aliyekosea jibu. Kisha mketisheni na walimu wa idara peke yao, bila mwenyekiti wa baraza, awaeleze anachokitafiti na kwa nini kinamkosesha usingizi.

Jambo hili jingine nalisema nikiwa nimesimama wima. Tangu mwaka 2008 tuna sheria ya uwiano na utangamano wa taifa inayokataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Sheria imeandikwa, mioyo haijaandikwa. Septemba 2016 wanasiasa waliandamana hadi Chuo Kikuu cha Moi kumpinga kaimu naibu chansela kwa kuwa hakuwa mtu wa pale. Kwetu hapa magharibi tusijifanye watakatifu. Mnajua ile sauti ya chini kwenye korido: "Ni mtu wetu?" Pythagoras si mtu wetu, na nadharia yake tunaila kila siku. Mturkana wa Kipsongo akileta uzamifu wake Bungoma, Mteso akija, Mkikuyu wa Kitale akija, Msomali akija, aulizwe chaki inasemaje mkononi mwake. Basi.

Najua mnanisubiri kwenye fedha. Mnasema, mhubiri, hujui mizania yetu. Najua vyuo vya umma vinadaiwa. Najua wahadhiri waligoma kuanzia tarehe 17 Septemba hadi tarehe 5 Novemba 2025, siku 49, wakidai malimbikizo ya shilingi bilioni 7.9 ya mkataba wa 2017 hadi 2021. Mkataba wenyewe uliisha muda wake kabla haujalipwa! Serikali na ibebe dhambi yake, na siku yake ya kuhubiriwa ipo. Lakini katika idara zenu zote, ni ipi inayohitaji vitu vichache kuliko hisabati? Haina friji za kemikali, haina shamba la majaribio, haina mashine ya kuagizwa Ujerumani na kukwama bandarini Mombasa. Inataka ubao, vitabu, intaneti isiyokatika, na watu. Watu ndio maabara yenyewe. Ukiwakosa watu huna idara, una jina tu kwenye kibao cha getini. Mngapi mna fedha za kupaka geti rangi kila mahafali?

Wenzetu wa Marekani wana utaratibu mmoja ninaoutamani. Kijana anaajiriwa kwa ahadi yenye tarehe: fundisha, tafiti, chapisha, na karibu mwaka wa sita tutakupima, ukifaulu, kazi ni yako hadi ustaafu. Mwaka 1940 chama cha maprofesa wao na chama cha vyuo vilikubaliana kwamba kipindi hicho cha kupimwa kisipite miaka saba. Idara huanza kutafuta watu takriban mwaka mzima kabla kazi haijaanza, na inataka barua za mapendekezo, mojawapo ikieleza jinsi mtu anavyofundisha. Siwatukuzi, huko nako vibarua wa kufundisha wamejaa. Ninachokitaka kwao ni ile tarehe. Kijana wetu hajui atapimwa lini, na nani, kwa kipimo gani. Anaishi kwa uvumi. Anasikia nafasi zitatangazwa Julai, Julai inapita, anaambiwa subiri bajeti. Miaka minne inakwenda hivyo, nadharia aliyokuwa akiitafuta imechapishwa na mtu wa São Paulo.

Nawe kijana wa kwenye matatu, usidhani nimekusahau au nimekuja kukubembeleza tu. Nawe una hesabu ya kutoa. Wapo miongoni mwenu wanahisabati waliopewa ajira ya kudumu wakalala. Mtu anapata kazi yenye pensheni, anafunga kitabu, maandishi yake ya darasani yana umri wa wanafunzi wake. Ukiitwa shambani, fanya kazi. Fundisha kama yule wa Kipsongo yuko mbele yako, kwa maana iko siku atakuwa mbele yako. Likizo ya Agosti igeni walichokianzisha wenzenu Maseno mwaka 2011, kambi ya hisabati ambako watoto wa shule walicheza, walibishana, walitumia kompyuta, na hakuna aliyechapwa kwa kukosea. Leteni kambi kama hiyo Kitale. Hamhitaji ruhusa ya seneti kumfundisha mtoto mchezo wa namba.

Basi andikeni tangazo. Liandikeni wiki hii, nitawasaidia maneno. Semeni: idara yetu inatafuta wanahisabati wawili, wanawake na wanaume wa kabila lolote. Mmoja awe na uzamifu. Mwingine awe na uzamili, nasi tutamgharamia uzamifu akiwa kazini. Watafundisha masomo mawili kwa muhula wakati wa miaka miwili ya mwanzo, si matano, ili wapate kutafiti. Kila mmoja atapewa mlezi, na jina la mlezi liandikwe hapo hapo. Watapimwa mwaka wa tatu na mwaka wa sita, kwa vigezo vilivyoambatishwa, na atakayefaulu atathibitishwa kwa ajira ya kudumu na pensheni. Leteni barua, maelezo ya kurasa mbili kuhusu utafiti na ufundishaji, na majina ya watu watatu wanaowajua. Nakala moja, kwa barua pepe. Kila mwombaji atajibiwa, hata aliyekosa.

Kisha msilifungie ndani ya MyGov. Mkuu wa idara alichukue mwenyewe alipeleke Kakamega, Maseno, Eldoret, Lodwar, awapigie simu walimu wa Kampala na Arusha, na asipompata mtu mwezi wa kwanza, arudi mwezi wa pili.